Tairi la baiskeli limechanika: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa tairi lenyewe, la nje. Kuziba pancha ya tyubu karibu kila mtu anajua, au yupo fundi chini ya mwembe anayejua. Tairi likichanika watu huamua haraka mno: ama wanalitupa likiwa bado na miezi ya kazi, ama wanalivisha tena hivyo hivyo na kununua tyubu tatu kwa wiki. Vipimo vingi hapa ni vya baiskeli kubwa ya keria, tairi la 28 × 1½. Baiskeli za 26 hufuata kanuni zile zile.

Tairi limechanika, tyubu inachungulia. Linatengenezeka?

Mara nyingi ndiyo, ila kwanza ujue ni nini kimechanika. Raba ya nje ipo kwa ajili ya kusuguana na barabara na kuzuia maji. Kinachobeba upepo ni nyuzi, siku hizi nyingi za nailoni, zilizolazwa mshazari kwa tabaka mbili au zaidi zinazopishana. Tyubu haibebi chochote. Itoe nje ya tairi uijaze, itavimba kama puto hata kwa pampu chache.

Nyuzi zikikatika, mzigo wake lazima ubebwe na kitu kingine. Chukua tairi la upana wa milimita 40 lililojazwa psi 50 (psi ni kipimo cha msukumo wa upepo): kila sentimita ya mkato unaofuata urefu wa tairi inavutwa kwa nguvu ya karibu kilo 7. Mkato wa sentimita 3 unavutwa na kilo 20 na ushee, mchana na usiku, hata baiskeli ikiwa imesimama ukutani. Ndiyo maana kiraka chochote kinachovutika hakifai kwa tairi, hata kikibandikwa vizuri namna gani.

Lini nisijisumbue kabisa?

Waya wa ukingoni ukikatika, au ukichomoza kwenye raba, tairi hilo limekwisha. Waya ndio unaolishika tairi kwenye rimu, na hakuna uzi wala gundi inayochukua nafasi yake. Mkato ulio karibu na waya, chini ya sentimita 1 hivi, nao tunauhesabu humo humo, kwa sababu kiraka hakipati pa kushikia upande wa pili.

Vilevile achana na tairi lenye mkato unaozidi sentimita 4, lenye mikato miwili mikubwa iliyo jirani, au ambalo ubavu wake umeoza: ukiukunja kwa vidole, raba inamung'unyuka na nyuzi zinakatika kama uzi wa gunia la zamani. Hapo hata ukiziba leo, kesho litachanika pembeni ya kiraka.

Kipara peke yake si sababu ya kulitupa. Tairi kipara ambalo nyuzi zake hazijaonekana bado linatembea kwenye vumbi kavu, ingawa kwenye tope litakuangusha. Likianza kuonyesha kitambaa katikati, usipoteze solusheni, ile gundi ya kuzibia pancha.

Nitajuaje kama nyuzi zimekatika au ni raba tu?

Livue tairi lote, ligeuze ndani nje pale penye jeraha, ulikunje ili mkato ufunguke, kisha ulielekeze kwenye jua. Mwanga ukipenya, au ukiona ncha za nyuzi kama brashi ndogo, nyuzi zimekatika. Ndani kukiwa laini bila alama, umekatika mpira wa juu tu. Toa changarawe iliyonasa humo, endelea na safari.

Nundu ni habari nyingine. Tairi likiwa na upepo, zungusha gurudumu ukitazama mstari wa katikati. Pakitokea uvimbe, nyuzi zimekatika hata kama nje hakuna alama yoyote. Mara nyingi chanzo ni jiwe au shimo wakati tairi lilikuwa na upepo mdogo na mzigo mkubwa. Nundu ndogo inatibika kwa kiraka cha ndani. Nundu inayokua kila siku haitibiki.

Kiraka cha ndani nikikate kutoka kwenye nini?

Swali hili ndilo linaloamua kama kazi itadumu. Unatafuta kitu chembamba, kisichovutika, chenye kukunjika, na ambacho gundi inakishika.

Kizuri kuliko vyote ni ubavu wa tairi kuukuu jepesi. Una nyuzi zile zile, umekwisha kupinda kama tairi lako, na solusheni inaungana nao raba kwa raba. Kata kwa wembe au kisu kikali, mbali na waya. Kisha sugua kingo kwenye jiwe la kunolea hadi ziishe kuwa kama ukucha. Usiruke hatua hii: ukingo mnene huacha ngazi, na ngazi huila tyubu. Pitisha kidole ukiwa umefumba macho. Kama unaweza kusema ukingo unaanzia wapi, bado hujamaliza.

Mkanda wa kiti cha gari ni imara sana, ila ni mnene kidogo. Choma kingo zake kwa kiberiti zisifumuke. Turubai zito la pamba au jinzi ya zamani hufaa likipakwa solusheni mara mbili, kwa sababu kitambaa huinywa ya kwanza yote.

Visivyofaa: kipande cha tyubu, kwa kuwa kinavutika na kutoka nje kama ulimi, na mfuko wa sandarusi, ambao nyuzi zake zina nguvu ya kutosha lakini haushiki gundi, unateleza pembeni ndani ya siku mbili. Plastiki ya chupa ya maji inasaidia kufika nyumbani. Ukiiacha humo, pembe zake zitakata tyubu kama kisu.

Nibandike vipi ili kisitoke?

Ukubwa kwanza. Kiraka kipite mkato kwa sentimita 2 hadi 2.5 kila upande, na pembe zake uziviringe. Kwa mkato wa sentimita 2 katikati ya tairi, kipande cha sentimita 6 kwa 5 kinatosha. Mkato ukiwa ubavuni, tunapendelea kitambaa chembamba kilicho kirefu vya kutosha kufika chini ya waya, ili tairi likijaa upepo, waya ukibane dhidi ya rimu. Hapo hata gundi ikichoka, kiraka hakina pa kwenda.

Osha ndani ya tairi kwa maji na sabuni, likauke kabisa. Tairi jipya huwa na poda au utelezi wa kiwandani ambao solusheni haiupendi. Kwaruza kwa msasa hadi mng'ao uishe, upana uzidi kiraka kwa nusu sentimita. Kwaruza na kiraka pia. Futa vumbi kwa kitambaa kilicholoweshwa petroli kidogo, mbali na moto na sigara, usubiri ikauke.

Paka solusheni nyembamba pande zote mbili, acha dakika 5 hadi 10. Paka ya pili, nyembamba vilevile, subiri hadi ukigusa kwa mgongo wa kidole isikunate. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanabandika ikiwa mbichi wakidhani gundi yenye maji ndiyo inayoshika. Kinyume chake, kimiminika kilichonaswa ndani kinashindwa kutoka, na kiraka kinabaki kikiteleza kwa siku nzima.

Bandika ukilipinda tairi katika umbo litakalokuwa nalo likiwa kwenye rimu, si likiwa limenyooshwa juu ya meza. Ukibandika likiwa limenyooka, likirudi kwenye pinda lake kiraka kitajikunja katikati. Gonga kwa mpini wa nyundo kutoka katikati kwenda nje, weka uzito juu yake, acha nusu saa au zaidi. Maliza kwa kupaka poda ya mtoto au vumbi la chaki juu ya kiraka na pembeni, ili tyubu isigandamane na solusheni iliyobaki.

Kushona kunasaidia, au ni kazi ya kubahatisha?

Kunasaidia ubavuni. Juu, sehemu inayokanyaga barabara, uzi unasagika kabla hujafika mbali, na mashimo ya sindano yanabaki kuwa milango ya maji na mchanga.

Tumia uzi wa nailoni wa fundi viatu uliopakwa nta. Uzi wa pamba unaoza kwa maji. Mshipi wa kuvulia samaki, ule mwembamba unaong'aa, una nguvu, lakini mafundo yake yanafunguka na wenyewe unakata raba kama msumeno. Sindano ya fundi viatu yenye kulabu ndiyo rahisi zaidi. Shazia ya magunia inatoboa tundu kubwa kupita kiasi.

Anza sentimita 1 kabla ya mkato kuanza, malizia sentimita 1 baada ya kwisha. Matundu yawe milimita 4 au 5 kutoka ukingo wa mkato, na kati ya tundu na tundu iwe milimita 5 au 6. Usiyapange mstari mmoja mnyoofu: moja lisogee ndani, linalofuata nje. Matundu yaliyopangana hugeuka mstari wa kuchania, kama risiti ya kitabu. Vuta hadi kingo zigusane tu. Ukikaza hadi zipandane, ubavu utapinda na gurudumu litayumba. Mafundo yabaki nje.

Halafu, na hili halina mjadala, weka kiraka cha ndani juu ya mshono. Mshono peke yake unasugua tyubu kila gurudumu linapozunguka.

Fundi anataka kulichoma. Nimruhusu?

Kuchoma, yaani kile kiraka kinachobanwa chini ya pistoni kuukuu yenye moto wa mafuta, ni kazi nzuri kwa tyubu. Kwa tairi jembamba la baiskeli tunasita. Moto huo haupimwi, na nyuzi za nailoni zikipata joto kupita kiasi zinakakamaa, kisha zinakatika kuzunguka kiraka. Ukiona raba ya nje imebadilika rangi au inanuka kuungua, nyuzi za hapo zimekwisha kudhoofika.

Na super glue?

Ni ya mkato mdogo wa raba ya juu ambao haukufika kwenye nyuzi. Safisha, fungua mkato, tia tone moja, bana kwa dakika 1. Inazuia changarawe kuingia na kuchimba. Usiitumie kubandika kiraka cha ndani: ikikauka inakuwa ngumu kama kioo, na tairi linakunjwa kila mzunguko.

Limenichanikia porini, sina solusheni wala kiraka. Nifanyeje?

Shusha mzigo kwanza. Kusukuma baiskeli yenye magunia huku tairi limelala kunafanya rimu ikate nyuzi za mbavu zote mbili, na tairi ambalo lingepona linakufa kwa kilomita 1.

Kisha tafuta kitu cha kuweka kati ya tyubu na mkato: paketi ya maziwa iliyokunjwa mara mbili, tyubu ya dawa ya meno iliyopasuliwa na kuoshwa, kipande cha kandambili ya raba kikiwa chembamba. Noti pia inafanya kazi, karatasi yake ni ngumu kuliko inavyoonekana, japo ni kiraka cha bei mbaya. Upepo wa tairi ndio utakaokishikilia. Jaza nusu tu, panda mwenyewe bila abiria.

Kama mkato ni mkubwa, zungushia mpira wa tyubu juu ya tairi na rimu pamoja, raundi tano au sita zilizokazwa. Fungua breki ya gurudumu hilo, kwa kuwa viatu vya breki vitagonga hapo, na angalia kama madigadi ina nafasi. Hiyo ni ya kukokota hadi kwa fundi, si ya kuteremkia mlima.

Nimeona watu wanaweka tairi kuukuu ndani ya tairi. Inafaa?

Inafaa kwa baiskeli ya mizigo inayokwenda taratibu, na kwenye njia za mbigili ni kinga ambayo pesa kidogo hainunui. Kata waya zote mbili za tairi kuukuu pamoja na ukingo wake, sentimita 1 hivi kila upande, ubaki na mkanda. Punguza meno yake kwa kisu. Lijaribu ndani ya tairi la nje: miisho ikutane bila kupandana, nayo uichonge iwe myembamba.

Gharama yake ni uzito na joto. Gurudumu linakuwa zito kuzungusha, na tyubu inabaki na nafasi ndogo, hivyo usiijaze kama zamani. Poda hapa ni lazima. Bila poda tyubu inasagwa na ule mkanda.

Nimeweka kiraka, tyubu inatoboka palepale. Kwa nini?

Linganisha tundu la tyubu na tairi. Weka alama ya kalamu kwenye tairi mkabala wa valvu kabla hujalivua, ili ujue tundu lilikuwa wapi.

Tundu likiwa kwenye ukingo wa kiraka, ukingo ni mnene. Likiwa katikati ya mkato, kiraka kinavutika au kimesogea, na tyubu inabanwa kwenye ufa kila tairi linapokunjika. Tundu la pini lisilo na uhusiano na kiraka ni mwiba uliobaki. Mbigili huvunjika, ncha ikabaki ndani ya raba bila kuonekana, ikatokeza siku za baadaye. Usitafute kwa vidole vitupu. Vaa soksi kuukuu mkononi, pitisha ndani ya tairi lote pande zote mbili. Itanasa kwenye kila ncha. Matundu mawili yaliyo sambamba ni kubanwa na rimu: upepo ulikuwa mdogo. Na tundu upande wa ndani, unaotazama spoki, si kosa la tairi hata kidogo. Angalia utepe wa rimu na vichwa vya spoki.

Kuna pia matundu anayoyafanya mtu mwenyewe kwa bisibisi wakati wa kuvisha. Mpini wa kijiko ni salama zaidi, na hatua ya mwisho ifanye kwa viganja tu, ukiwa umesukuma waya wa upande wa pili uingie kwenye bonde la katikati ya rimu.

Tairi linaruka pale penye kiraka.

Ama kiraka ni kinene, ama tairi halijakaa. Karibu na rimu kuna mstari mwembamba uliochorwa kuzunguka tairi. Umbali wake kutoka kwenye rimu uwe sawa pande zote. Ukizama mahali fulani, toa upepo, paka maji ya sabuni hapo, vuta kwa mikono, jaza tena. Kiraka kilichoingia chini ya waya kikiwa kinene ndicho kisababishi cha kawaida.

Lenye kiraka nilivishe mbele au nyuma?

Nyuma. Tairi la mbele likipasuka ghafla usukani unakutoka. La nyuma linakuyumbisha, lakini una nafasi ya kusimama. Tatizo ni kwamba keria ipo nyuma, na gurudumu la nyuma ndilo linalobeba madumu na magunia. Kwa hiyo mkato uliozidi sentimita 1 unalitoa tairi kwenye kazi ya mkaa. Libaki la kwendea sokoni na shuleni.

Upepo kiasi gani?

Soma ubavuni; 28 × 1½ nyingi huandikwa kati ya psi 45 na 60. Kwa tairi lenye kiraka kaa karibu na kiwango cha chini, kisha upunguze mzigo badala ya kuendelea kupunguza upepo. Tairi legevu linakunjika zaidi, na kukunjika ndiko kunakobandua viraka. Jaza kwa hatua: robo, tazama mkato, nusu, tazama tena. Ukiona mkato unafunguka na kiraka kinatokeza nje, simama hapo hapo.

Kwa nini langu linachanika ubavuni kila mara?

Kwenye baiskeli zenye breki za kubana mbavu za rimu, kiatu kilichopanda juu kidogo hulisugua tairi hadi linakatwa mstari mzima. Ubavu ukiwa na mfereji kama uliochongwa, rekebisha breki kabla ya kununua tairi jingine. Breki za vyuma za baiskeli kubwa hubana rimu kutoka ndani, hazigusi tairi. Huko mtafute mhalifu mwingine: upepo mdogo, rimu iliyopinda, au stei ya madigadi iliyolegea.

Mafuta nayo. Dumu la mafuta ya taa au dizeli linalovuja kwenye keria linadondokea tairi la nyuma, na raba inavimba na kulainika. Futa mara moja, osha kwa sabuni.

Nimenunua la 28, haliingii.

Kuna 28 zaidi ya moja. 28 × 1½ ni 40-635. 28 × 1⅝ × 1⅜ ni 37-622. Namba ya pili ni kipenyo, kwa milimita, pale waya unapokaa, na tofauti ya milimita 13 haivutiki. Kwa 26 pia: 26 × 1⅜ ni 590, lakini 26 × 1.95 ni 559. Nenda dukani na namba yenye kistari.

Limekwisha kabisa. Nilitupe?

Kata mbavu zake nzima nzima katika vipande vya sentimita 8 kwa 5, noa kingo siku moja ukiwa na nafasi, viweke kwenye mfuko wa vifaa chini ya siti pamoja na msasa na poda. Sehemu ya katikati inafaa kufungia mizigo kwenye keria au kuweka chini ya dumu lisisugue. Waya umalizie kwa msumeno wa chuma, maana mkasi utaharibika.